Nani Amewamalizia Hadithi ya Ng'ombe wa Ziwa

Jumatatu, 12 Januari 2026

Redio imesema leo Jumatatu, tarehe kumi na mbili. Naanza na hiyo. Wasije wakasema bibi hajui hata siku.

Simu hii naiongelesha mwenyewe. Nabonyeza kidoti chekundu, naongea, nabonyeza tena, imeshika. Kusoma sijui — shule niliipita kwa nje, niko nyuma ya ng'ombe wa baba. Lakini mdomo ninao. Na kuanzia leo nataka maneno yangu yawekwe mahali, maana humu ndani kuna kitu.

Kitu chenyewe ni hiki. Mchana nilikuwa mlangoni nachambua mlenda, mvua imetoka kukatika. Wajukuu zangu wako chini pale, Limbu na mdogo wake Winnie, watoto wa mwanangu Bujiku. Winnie ana kopo la maziwa ametia kokoto. Analitikisa. Anasema, zimwi akainama asikilize, kumbe mtoto yuko ndani ya kengele ya ndama.

Mkono wangu ukasimama kwenye mlenda.

Hiyo ni hadithi yangu. Ng'ombe aliyebeba ziwa mgongoni, anatembea nalo, kila nchi kavu anapopita watu wanachota. Zimwi anamfuata alinywe lote peke yake. Hawa watoto nilianza kuwasimulia mwaka jana kipindi cha kiangazi, nikaishia pale zimwi anapokaa katikati ya njia. Mbele ya hapo sijawapa. Kwetu Migato hadithi ina msimu wake. Pamba ivunwe, itoke ndani, ndiyo mnakaa kwenye moto. Ukisimulia watu wanalima, mvua inakaa kukusikiliza, inasahau kunyesha. Mimi nisimulie mwezi wa kwanza? Mahindi ya Bujiku yako magotini!

Nikawauliza, nani kawaambia habari ya kengele. Wakaangaliana. Limbu akasema, si wewe bibi.

Sio mimi.

Jioni nikamwambia Bujiku tukiwa tunakula. Akatafuna, akameza, akasema labda niliwasimulia nikasahau. Umri, mayu — ndivyo anavyoniita mama. Akanikumbusha wiki ile nilivyotafuta ufunguo nyumba nzima na ulikuwa shingoni kwangu. Ni kweli ulikuwa shingoni. Lakini ufunguo ni ufunguo, na hadithi ni hadithi. Mke wake Specioza hakuinua uso kwenye ugali. Huyo huwa anacheka habari ya ule ufunguo. Leo hajacheka.

Jumanne, 13 Januari

Nimetoka kwa Malimi. Kama kuna mtu anaijua ile hadithi hapa Somanda ni yeye, tulikua wote Migato. Na wajukuu zangu wanapita kwake wakitoka shule, anawapa michembe, vile viazi vikavu. Nikasema, mwizi huyu hapa.

Bodaboda alinizungusha mpaka kule hospitali ndipo akarudi, sijui alitaka nini. Nimemwangalia sana shingo yake, nitamtambua.

Malimi nimemkuta uani. Tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka. Sikumuuliza moja kwa moja. Nikasema tu, dada, hivi ile ya ng'ombe wa ziwa ilikuwa inaishaje? Maana nazeeka. Akaniangalia. Akasema, wewe, na ulivyokuwa unajidai! Zimwi anafungua mdomo, ng'ombe anainama upande, ziwa linammwagikia, anakufa maji. Kwisha. Nikasema hakuna kengele? Akasema kengele ya kanisa au ya shule? Umekuja kunikamata kwa wizi wa zimwi?

Alicheka mpaka akashika mbavu. Sikupenda alivyocheka. Lakini mtu anayeficha hacheki hivyo, na ule mwisho wake ndio mwisho wa watu wote. Bibi yetu alitusimulia hivyo hivyo. Anakufa maji, kwisha.

Akanikumbusha nilivyochapwa. Nilikuwa nimekaa kwenye kichuguu, ng'ombe wa baba wakaingia pamba ya watu wakala vitumba, mimi sina habari — nilikuwa namwona ng'ombe mwingine, yule mwenye ziwa, anavuka bonde. Namwona na samaki wake. Baba akanichapa, na jioni nikaenda tena kukaa kwa bibi, matako yanauma, nasema bibi endelea. Ndivyo nilivyokuwa. Wengine walipenda ngoma, wengine wavulana. Mimi nilipenda vitu ambavyo havipo. Nilipoolewa, mume wangu Machibya alikuwa anasema nimeoa mke na mazimwi yake.

Wanangu nao niliwasimulia wote. Wavulana walikuwa wanasinzia, wametoka kuchunga. Bujiku alikuwa anakoroma zimwi hata hajafika. Anayesikiliza alikuwa mmoja. Yule alikuwa anauliza mpaka zimwi akiamka asubuhi anapiga mswaki na nini.

Basi. Sikutaka kufika huko.

Ninachosema ni kwamba kengele sio ya bibi. Kengele niliitunga mimi. Kulikuwa na surua, mtoto analala pembeni yangu, macho yamevimba, analia kwamba ng'ombe akimwaga ziwa lake ataenda kuwapa nini watu wa mbele. Nikamwambia nyamaza, hamwagi. Nikamtungia. Mtoto wa hadithi anaingia kwenye kengele ya ndama, anailiza polepole, zimwi anainama, anasinzia, ng'ombe anamruka na ziwa lake limejaa. Nilimsimulia yeye tu. Wavulana walikuwa malishoni.

Kwa hiyo ama mimi nimechanganyikiwa, ama — hapana. Nitangoja.

Alhamisi, 15 Januari

Nimejipima. Ng'ombe wa baba nimewataja wote kwa rangi na pembe, na mama zao. Nimetaja waliotuzalishia mitamba na waliokufa kwa ugonjwa wa kwato. Hakuna aliyepotea. Kichwa kipo.

Kisha nikampima Winnie. Nimempa kipande cha muwa, nikamwita jikoni peke yake. Nikasema, nimesahau mjukuu wangu, zimwi wetu yukoje? Akasema — na muwa mdomoni — zimwi ana tumbo la chuma. Unaingia kwa chini, mlango unajifunga wenyewe, unabonyeza namba, anakutapika juu mawinguni.

Nikakaa kwenye kinu.

Zimwi wangu ana tumbo la ngozi kama mtu yeyote. Milango ya kujifunga, kubonyeza namba — mimi kitu hicho sijawahi kukiona na sijawahi kukiota. Lakini nikuambie kweli, ni kizuri! Nilitamani kuuliza huko juu anakutapikia wapi. Limbu akaingia, akambana mwenzake mkono. Akasema tumwache bibi apumzike. Mtoto wa miaka tisa anasema bibi apumzike. Hayo sio maneno yake, kayapewa.

Ijumaa, 16 Januari

Nimemuuliza Bujiku chai ya asubuhi, hivi kuna chumba cha chuma kinapandisha watu juu? Akasema ni lifti, iko kwenye maghorofa ya miji mikubwa. Akauliza nimeisikia wapi. Nikasema redio. Akaweka kikombe chini, akamwangalia mke wake. Specioza akaenda kuita kuku, na kuku walikuwa wameshakula.

Ameondoka kwenda Nkoma kupalilia pamba. Atakaa huko mpaka Jumatano.

Jumapili, 18 Januari

Leo sikwenda kanisani, nikasema mguu. Mguu hauna kitu.

Walirudi, tukala. Baada ya kula Specioza akasema anapeleka watoto nyuma wakaangalie mayai. Mayai gani ya kuangaliwa na watu watatu? Nikavua ndala. Nikapita ukutani bila fimbo, mpaka kwenye kona ya banda la kuku.

Wamekaa juu ya gogo, simu ya Specioza iko katikati kwenye mapaja ya Limbu, sauti imepunguzwa. Na simu inasimulia. Ng'ombe kafika kwenye mji wa vioo. Ng'ombe anajiona kwenye ukuta, anafikiri kuna mwenzake naye kabeba ziwa, anamwambia pole mwenzangu, uzito nao. Winnie akacheka. Na mimi nikacheka — kwa ndani, nilijiziba na kanga. Halafu ile sauti ikavuta pumzi kidogo kabla ya kutaja jina la zimwi. Kidogo tu. Hivyo ndivyo ninavyovuta mimi.

Ni Nyanjige. Binti yangu.

Nitasema, maana nimeshalitaja jina. Nyanjige tulimwoza hapo Itilima. Ng'ombe wa mahari yake ndio walikuwa wamuolee Bujiku — ndivyo ilivyo kwetu, dada anaolewa, kaka anaoa. Nyanjige akakaa kidogo, akamkimbia mume. Yule mume alikuwa anapiga, mimi najua, niliuona mgongo. Lakini ng'ombe wakarudi. Bujiku akawaangalia wanavyotoka zizini, na Specioza ameshaposwa. Alimtafutia mahari kwa kulima pamba ya watu, misimu na misimu, mgongo umepinda. Na Machibya akasema mbele ya wazee kwamba hataki kusikia sauti ya Nyanjige masikioni mwake, akiisikia atakata sikio. Nyanjige akaondoka. Kimya.

Machibya alipofariki, mwaka juzi, Bujiku ndiye alipeleka habari kwa watu. Kazi hiyo ni ya mtoto wa damu. Mke wa mwana hamtangazii mtoto kifo cha baba yake, wala mjane hatangazi, mjane anakaa chini analiliwa. Nikiwa pale chini nilimuuliza Bujiku, Nyanjige je? Akasema nimepata namba yake, nimempigia, amesema ana kazi.

Ana kazi. Baba anaingia kaburini, yeye ana kazi. Sikulia tena siku ile. Kuna machozi yalikauka pale pale.

Na sasa ana nafasi ya kuwasimulia wajukuu zangu hadithi yangu, msimu wa kilimo, nyuma ya banda la kuku.

Jumatatu, 19 Januari

Nimembana Specioza. Alikuwa anaosha vyombo, mikono ina sabuni, hawezi kukimbia. Nikakaa kwenye kigoda karibu kabisa. Nikasema, mayai yanaendeleaje.

Hakubisha. Akasema alipigiwa kabla ya Krismasi, Nyanjige alipata namba kwa watu wa Migato. Akasema yuko Dar es Salaam, anafanya usafi kwenye ghorofa refu. Ameomba aongee na watoto tu, awasimulie, basi. Kila Jumapili na siku nyingine akipata vocha.

Nikasema, na mnanificha mimi. Mnaniambia nimesahau. Mimi nalala macho wazi nahesabu ng'ombe wa baba, nadhani akili inamwagika! Akasema samahani mayu, lile la kusahau alilisema Bujiku, na watoto wakalishika. Nikauliza, Bujiku anajua? Akasema anajua nusu. Anahisi. Alishaiona namba, akamwambia mke wake aifute, na Specioza hakuifuta.

Nikasema, ni Nyanjige aliyesema nifichwe? Akasema yeye aliomba isijulikane humu nyumbani. Nikauliza, kwa sababu ya aibu? Kwa sababu hakuja kumzika baba yake?

Specioza akasugua sufuria ambayo ilishatakata.  Nikarudia. Nikasema, wewe umeongea naye wiki zote hizi, hajawahi kukuambia kwa nini hakuja?

"Mayu, hilo sio la kwangu kulisema. Mimi ni mke wa mtu humu ndani."

"La nani?"

"Muulize mwanao."

Akamwaga maji akaingia ndani. Nimekaa na kigoda changu. Muulize mwanao — mwanangu yupi? Ninao wengi. Nimemchunguza huyu mwanamke tangu ameingia, mnyenyekevu, akikupa maji anapiga magoti. Watu wa hivyo ndio wanakuwa na mifuko ndani ya mifuko. Sijui yuko upande wa nani. Labda wametengeneza maneno wote wawili. Labda Nyanjige anataka kurudi na anatanguliza hadithi, kama mtu anavyotupia mbwa nyama.

Jumanne, 20 Januari

Mvua kubwa. Limbu amekuja kukaa na mimi, ametumwa nadhani. Nikamwambia sina ugomvi na wewe. Akauliza, bibi, wewe zimwi wako alikuwa anaogopa nini?

Nikasema zimwi wangu haogopi. Akasema wa shangazi anaogopa kulala peke yake, ndiyo maana anafuata ng'ombe. Maji anasingizia tu.

Nimelifikiria hilo mchana wote. Miaka yote nimemsimulia yule zimwi, sikuwahi kumuuliza.

Hata hivyo sijamsamehe. Nimeshapanga nitakachomwambia. Kesho Specioza atanipa simu, nimemwamuru. Nitasema, kwanza, hadithi ni za kiangazi. Pili, mtu asiyezika baba yake hana wa kumsimulia. Nitasema hivyo hivyo, bila kupandisha sauti.

Jumatano, 21 Januari

Naongea haraka. Niko nyuma ya nyumba. Hii ni simu yangu. Ile ya Specioza nimeiacha juu ya kitanda changu, na Nyanjige yumo, anasubiri.

Nianze vizuri. Alipiga jua linaelekea kushuka. Specioza akanipa, akawachukua watoto akatoka nao. Nikaiweka sikioni. Nilikuwa nimekaa wima, maneno yangu yamepangwa kama kuni.

Nikasema, ni mimi.

Akanisalimia, mwadila mayu. Kisukuma chake kimechakaa kidogo, kina vumbi la watu wengine, lakini mwadila ile ni ya nyumbani. Nikaitikia. Huwezi kuacha kuitikia. Akasema umejuaje, nikasema kengele. Akacheka, na kucheka kukageuka. Nikamwacha alie, nikasema akimaliza ndipo naanza.

Akamaliza. Nikafungua mdomo. Na yeye akawahi. Akaanza kunong'ona. Nikasema ongea, mimi sikio moja limekufa. Akanong'ona tena, sasa nimesikia.

"Mayu, baba yuko karibu? Asije akanisikia."

Sikuelewa. Nikasema nani?

"Baba. Specioza huwa anasema yuko mbali, hatasikia. Nataka nikuombe. Pasaka nina likizo. Nataka nije nipige magoti mbele yake, mbele ya wale wazee wake. Akate sikio kama anataka. Mwambie wewe kwanza, umlainishe. Wewe anakusikiliza."

 Yale maneno niliyoyapanga, sijui yamekwenda wapi. Yuko mbali, hatasikia. Specioza hajadanganya, na hajasema.

Ana kazi, aliniambia Bujiku. Nimempigia, amesema ana kazi. Na mimi nikamchukia mtoto wangu, kila nikienda kupalilia kaburi nachukia upya.

Nyanjige akasema, mayu upo? Nikasema nipo. Subiri, niepue chungu, kinaungua. Hakuna chungu. Jiko limelala tangu mchana. Nikaiweka simu kwenye mto, nikatoka, nimeshika ukuta.

Na Bujiku amefika. Yuko pale kwenye njia nyembamba ya kuingilia mlango wa nyuma, jembe bado liko begani, tope la Nkoma mpaka magotini. Sijui amefika saa ngapi. Sijui amesikia mpaka wapi. Hajanisalimia. Anaangalia dirisha la chumba changu, maana ile sauti inasikika mpaka hapa — anaita, mayu, mayu, kwa kunong'ona, asimwamshe baba yake.

Mimi ni mjane, mdomo wangu hauruhusiwi. Specioza haruhusiwi. Kwenye nyumba hii mwenye ruhusa ni mmoja.

Nimemwambia, Bujiku, dada yako yuko kwenye simu, anamuulizia baba. Nimesema hivyo tu.

Ameshusha jembe. Hajaliegemeza, amelilaza. Ananiangalia mimi, anaangalia dirisha. Nimesogea mlango uwe wazi. Mguu mmoja ameuweka ndani —